Mwaka wa Morocco Wawili

Barazani petu kuna suali moja lisilokuwa na jibu, na kila Desemba linarudi pamoja na maembe: mwaka 2017 kilichotuuma zaidi ni kipi, penati za Machakos au karatasi ya Rabat?

Vijana wengi husema penati. Wazee husema karatasi. Mimi mwaka ule nilikuwa Form Two, mvulana wa kaptula na madaftari, na nilisema penati, tena nilisema huku machozi yananitoka. Leo nimehamia upande wa wazee. Nataka nikueleze, ndugu msomaji, nimehamaje.

Kwanza tuelewane juu ya neno "msimu". Mtu wa mpira ukimwambia msimu anahesabu mechi. Ukihesabu hivyo, msimu wa Zanzibar Heroes wa mwaka 2017 ulikuwa na mechi sita tu, zote ndani ya siku 13 za mwezi wa Desemba, zote ugenini Kenya. Lakini ukianzia Desemba umeshika kisa mkiani. Msimu ule ulianza mwezi wa Machi, ndani ya ukumbi, na hapana aliyevaa njumu.

Ilikuwa Alkhamisi, tarehe 16 Machi 2017. Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, CAF, lilikuwa na mkutano wake mkuu Addis Ababa. Siku hiyo Ahmad Ahmad wa Madagascar alimng'oa Issa Hayatou wa Kameruni, aliyekalia kiti kile tangu 1988, kwa kura 34 dhidi ya 20. Magazeti ya dunia yaliandika habari ya Hayatou. Sisi huku tulikuwa na habari yetu: mkutano uleule uliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55.

Kabla ya hapo tulikuwa wanachama washirika. Maana yake, ukitaka kuieleza kibarazani, ni kuwa tuliruhusiwa kula ukumbini lakini si kukaa meza ya mbele. Klabu zetu zilicheza makombe ya Afrika. Mwaka huohuo wa 2017 Zimamoto ilikutana na Ferroviário da Beira ya Msumbiji katika Ligi ya Mabingwa, na KVZ ikakutana na Messager Ngozi ya Burundi katika Kombe la Shirikisho. Lakini timu ya visiwa haikuweza kuwania kwenda fainali za Mataifa ya Afrika. Mzanzibari aliyetaka kucheza huko alivaa jezi ya Taifa Stars, ya Jamhuri ya Muungano.

Na hapo nisimamishe kidogo, maana msomaji wa mbali anaweza kushangaa majina ya hizo klabu. Zimamoto ni wazima moto kweli. KVZ ni Kikosi cha Valantia. JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi, na KMKM ni kile kikosi cha kuzuia magendo baharini. Kwetu kijana mwenye mguu mzuri hutafutwa na kikosi, akaajiriwa, akapata mshahara wa askari na jezi juu yake. Ndiyo soka ya kulipwa ya Unguja. Utaikuta asubuhi kazini na jioni Amaan. Wakubwa wa soka duniani wanapozungumza juu ya wachezaji wa kulipwa, sidhani kama wanamfikiria mtu anayevua magwanda ili avae njumu, lakini wengi katika mpira wetu wamepitia njia hiyo.

Basi Machi ile mimi nilifungua daftari la Hisabati kwa nyuma na nikapanga makundi ya AFCON. Nikatia Zanzibar. Nilipanga kwa upendeleo, nakiri: tuliwekwa na Shelisheli, Komoro na timu moja kubwa ya kutufunza adabu. Nikachora na jezi. Watu wazima nao hawakuwa mbali na mimi, sema wao walichora kwa maneno. Kila kijiwe kilikuwa na kocha wake na kikosi chake, na kila mmoja alikuwa na mpwa wake ndani ya kumi na moja wa mwanzo.

Furaha ile haikuzuka hewani. Mpira Unguja ni mkongwe. Uliingia karne ya 19 mwishoni, na moja katika milango yake ilikuwa skuli ya Wamisionari wa Kiingereza pale Kiungani, nje kidogo ya mji. Kutoka kwa wanafunzi ukafika Mnazi Mmoja, na kutoka Mnazi Mmoja ukavuka ukaenda Ng'ambo, na ulipofika Ng'ambo haukuwa tena wa Mzungu. Mwaka 1949 Zanzibar ikaingia katika Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanza 1926 baina ya Kenya na Uganda na ambayo Tanganyika iliingia 1945. Gossage alikuwa mtengenezaji wa sabuni. Usicheke: mataifa manne yakigombea kombe la sabuni, na sisi katika wanne hao hatukuwahi kulichukua hata mara moja.

Lakini zingatia hesabu hiyo. Mwaka 1949 hapakuwa na mtu aliyeuliza kama Zanzibar ni nchi ya kutosha kucheza mpira. Ulikuwa mguu wa nne wa kiti cha Afrika Mashariki. Baada ya Uhuru, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huohuo, tukaendelea kucheza na jirani zetu kwa jina letu. Gossage likageuka Kombe la Chalenji, likawa la CECAFA, na sisi tumo. Mwaka 1995, huko Uganda, tukalitwaa: 1–0 katika fainali, dhidi ya timu ya pili ya wenyeji, kwa sababu Uganda ilileta timu mbili. Kuna watu mpaka leo wanalifanyia dhihaka kombe lile kwa sababu ya hiyo herufi B. Mimi nawaambia, kama nchi imeandika timu mbili na zote mbili hazikukuzuia, kosa lako liko wapi?

Kwa hiyo kitu tulichopewa Addis Ababa hakikuwa zawadi. Wengi kijiweni walikiita haki iliyochelewa. Na jambo jengine, niliseme wazi maana huwa linapotoshwa sana: chama cha soka cha Bara, TFF, kiliunga mkono ombi lile na kulipigia debe. Wakati ule nisingekubali ungeniambia. Kijiweni kwetu kila kibaya kilitoka ng'ambo ya bahari, na kila kizuri tulikitoa mfukoni wenyewe.

Uanachama ule ulidumu siku 127.

Ijumaa ya tarehe 21 Julai, CAF ilikutana tena kwa mkutano usiokuwa wa kawaida, mara hii Rabat, mji mkuu wa Morocco. Ikafuta. Mwenye kiti safari hii alikuwa Ahmad, aliyechaguliwa siku ileile tuliyokubaliwa. Hoja iliyotolewa ni kuwa Zanzibar ni sehemu ya Tanzania, na nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili ndani ya CAF. Ilikuwa makosa kuingizwa toka mwanzo.

Habari ilitufikia watu wametoka msikitini, wamevaa kanzu zao safi za Ijumaa. Simu ya mtu mmoja ikalia, halafu ya mwengine, halafu barza nzima ikawa inatazama chini kwenye viganja. Nakumbuka hapakuwa na kelele. Kelele zilikuja baadaye, jioni, zikiwa na majina ya kulaumiwa. Muuza kahawa, mzee ambaye kwa kawaida husema maneno matatu kwa siku, na moja ni bei, alisafisha kikombe akasema:

"Kufungwa tumezoea. Huku ni kufutwa."

Nilimwona mzee anacheza na maneno tu. Miaka ilipita kabla sijajua uzito wake.

Hoja yao haikuwa ya upuuzi. Nimeisoma mara nyingi tokea hapo, kwa jicho la mtu anayetaka kuipinga, na nakiri kuwa sheria imesimama upande wao. Tanzania ina kiti kimoja Umoja wa Mataifa na kiti kimoja FIFA. Sawa. Lakini basi tazama dunia. Ufalme wa Uingereza una kiti kimoja Umoja wa Mataifa na timu nne FIFA: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kwa sababu tu wao ndio waliouanzisha mpira na waliketi kabla ya kanuni kuandikwa. Martinique ni ardhi ya Ufaransa kabisa, wala haimo FIFA, na imecheza Kombe la Dhahabu la bara lake zaidi ya mara moja. Kanuni ya mpira, kumbe, ni kama mlango wa Mji Mkongwe: mzito, una misumari ya shaba, unatisha, lakini ndani yake kuna kilango kidogo na mwenye nyumba ndiye ajuaye amfungulie nani.

Hata vilango vya uani tulishajaribu. Mwaka 2006, wakati Ujerumani ikiandaa Kombe la Dunia, Zanzibar ilikwenda Hamburg, kwenye uwanja wa klabu ya St. Pauli, kucheza mashindano ya nchi zisizokuwa na FIFA. Walikuwapo Gibraltar, Greenland, Tibet, Cyprus ya Kaskazini. Timu yetu wakati ule ilipewa kocha ambaye kazi yake ilikuwa kuchekesha watu katika televisheni ya Kijerumani, Oliver Pocher, na sijui nikucheke au nikulilie ewe soka. Hata hivyo tulifika fainali. Tukatolewa na Cyprus ya Kaskazini. Kwa penati.

Gibraltar waliokuwa pamoja nasi pale waliingia UEFA 2013 na FIFA 2016. Siwaonei choyo. Naonea choyo kidogo.

Sasa Desemba. Kombe la Chalenji halikuchezwa 2016, kwa hiyo watu walikuwa na njaa. Kenya wakaandaa. Timu yetu ikapewa Hemed Suleiman, ambaye hapana mtoto wa Unguja anayemwita Hemed Suleiman. Anaitwa Morocco. Ndiyo, Morocco! Rabat wametufuta mwezi wa saba, na mwezi wa kumi na mbili anayetupeleka uwanjani ni Morocco. Barazani mtu mmoja alisema nchi nzima ya Morocco inatudai msamaha na ameletwa mmoja kulipa deni.

Vijana aliowachukua wengi hawakujulikana hata Dar es Salaam. Feisal Salum alikuwa mtoto wa JKU. Mudathir Yahya alijulikana kidogo. Hatukuwategemea. Kundi letu lilikuwa na wenyeji Kenya, Libya, Rwanda na ndugu zetu Kilimanjaro Stars wa Bara, na wajuzi wa kijiweni walishatupangia basi la kurudi.

Tarehe 5, Machakos, tukaifunga Rwanda 3–1. Watu wakasema bahati.

Tarehe 7 ikaja ile yenyewe. Wallahi sijaona Mji Mkongwe umenyamaza vile mchana. Maduka ya Darajani yamo wazi lakini hayana wauzaji. Televisheni ilitolewa nje, ikawekwa juu ya kreti mbili, waya ukapita dirishani, na watu walikaa mpaka uchochoro ukaziba; mama mmoja alitaka kupita na ndoo ya maji akaambiwa, "Bibi, subiri mapumziko," akaweka ndoo chini, akasubiri, kisha hakuondoka tena. Bara walitangulia kufunga. Kipindi cha pili tukarudisha, halafu tukaongeza. 2–1. Sikumbuki nilivyoshangiria. Nakumbuka ndoo ya mama yule ilipinduliwa na hakugomba na mtu.

Ukitaka kuijua siasa ya kwetu bila kusoma kitabu, itazame mechi hiyo na baraza la namna hii. Walikuwapo watu wasioamkiana tokea uchaguzi wa 2015, uchaguzi uliofutwa ukarejewa 2016 (neno kufuta hilo, unaona, lina historia kwetu). Siku hiyo walikumbatiana na majasho yao. Kesho yake hawakuamkiana tena. Siongezi chumvi wala siitoi.

Tarehe 9, siku Bara wanayoadhimisha uhuru wa Tanganyika, tukatoka 0–0 na Kenya. Tarehe 11 Libya wakatufunga 1–0, lakini tulikuwa na pointi saba na tayari tumepita. Bara wakarudi nyumbani. Nusu fainali Kisumu, Ijumaa ya tarehe 15, tukakutana na Uganda waliokuwa mabingwa watetezi. Tukawatoa 2–1. Uganda kamili, na si B! Niliwatafuta wale wenye dhihaka ya 1995 barazani, nisimwone hata mmoja.

Fainali ilikuwa Jumapili ya tarehe 17, Machakos, na Kenya kwao. Wakatufunga mapema kabisa, Vincent Ouma, kabla watu hawajamaliza kugombania viti. Halafu ikawa muda mrefu wa kukimbia na kutofika. Kocha wangu mmoja wa kijiweni aliondoka dakika ya themanini, akasema hawezi kutazama mazishi. Aliikosa. Khamis Mussa Makame akasawazisha dakika zikiwa zinakwisha, na ukuta wa nyumba jirani, ambao ni wa mawe na chokaa na umesimama toka enzi za masultani, nahisi uliyumba. Dakika za nyongeza: Masoud Juma akaipa Kenya bao la pili. Haukupita muda Makame yuleyule akarudisha. Mbili kwa mbili.

Penati hazina maelezo. Golikipa wa Kenya, Patrick Matasi, aliokoa tatu. 3–2 wao, kombe lao la saba. Sisi tukabaki na kimya kile ambacho hata mtoto mchanga anakijua.

Usiku ule nililia na nikaandika katika daftari, chini ya makundi yangu ya AFCON ya kujitungia, matokeo ya mechi sita za kweli. Na ni kwa kuyatazama yale maandishi mawili, miaka kadhaa baadaye nilipokuwa natafuta daftari la kuandikia hadithi, ndipo maneno ya muuza kahawa yaliponirejea. Upande wa juu kuna jezi, kuna kundi, kuna ratiba, na hakuna mchezo hata mmoja uliochezwa. Hatukushindwa na Shelisheli. Hatukushindwa na mtu. Kalamu ilipita tu. Upande wa chini tumefungwa na Libya, tumefungwa na Kenya kwa penati, na kila mstari una jina la mtu aliyekimbia. Makame yumo mara mbili. Ile ya chini ndiyo niliyoililia, na ile ya juu ndiyo iliyonipita bila kuilipia hata chozi, kwa sababu nilikuwa mdogo na sikujua kuwa mtu anaweza kuondolewa mchezoni kabla ya filimbi.

Timu iliporudi mji ulimwagika barabarani. Watoto wa Michenzani walining'inia kwenye baraza za ghorofani, pikipiki zilipiga honi mpaka zikakauka. Kombe halikuwapo kwenye gari na hapana aliyeliulizia. Nadhani watu walikuwa wanataka tu kuwaona, wahakikishe kuwa wapo.

Yaliyofuata utayajua. Feisal akachukuliwa na Yanga 2018, baadaye Azam, na Bara yote ikamjua kwa jina la Fei Toto. Wengine walivuka kama yeye, maana ukitaka Afrika ikuone lazima upande boti. Morocco mwenyewe mwaka 2024 aliinoa Taifa Stars na kuifikisha fainali za AFCON za 2025, zilizofanyika, mpaji Mungu, Morocco. Mtu aliyewahi kuwa kocha wa timu iliyofutwa Rabat ndiye aliyewatafutia Watanzania tikiti ya kwenda huko. Nilifurahi. Ni timu yangu pia, Taifa Stars, na wenye kunitaka nichague moja huwa nawaambia wamuulize mtoto ampende nani baina ya baba na mama.

Mwezi wa Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa badala ya klabu, kule Pemba, uwanja wa Gombani. Zanzibar ilifika fainali na Burkina Faso. Tulitazama palepale, televisheni kubwa zaidi, kreti zilezile. Tukashinda 2–1. Pembeni yangu alikaa mtoto wa jirani, ana miaka tisa hivi, kakamata urojo wake haujui kama anakula au anamwaga. Watu walipokuwa wanaruka alinivuta shati.

"Kaka, na hii inahesabiwa?"

Muuza kahawa alikuwa anakusanya vikombe. Akanitazama mimi, asitie neno. Nikamwambia yule mtoto anyanyue vidole, ahesabu mwenyewe, yetu mbili, yao moja.